Nusu ya Somo Haimkingi Kijana Kazini

Kila mwaka maelfu ya wanafunzi wa vyuo vya ufundi na vyuo vikuu nchini mwetu hutoka madarasani na kuingia viwandani, mashambani, hospitalini na afisini ili kujifunza kazi kwa vitendo. Wenyewe huita muda huo atachimenti. Huondoka na barua ya chuo, daftari la kuandikia kazi za kila siku, na nasaha za wazazi. Sheria ya nchi hawaondoki nayo. Tunaandika makala haya kueleza kwa nini upungufu huo si jambo dogo, na kwa nini tunaamini kwamba kumfunza kijana usalama wa kazi bila kumfunza sheria ya kazi ni kumpa nusu ya somo, tena ile nusu inayomfaa mwajiri zaidi kuliko kijana mwenyewe.

Miaka michache iliyopita aliingia afisini mwetu mama mmoja pamoja na mwanawe wa miaka ishirini. Kijana alikuwa ameutia mkono wake wa kulia katika mfuko wa koti, na hakuutoa hata tulipompa mkono wa salamu. Mama ndiye aliyeanza kusema: "Wakili, huyu mwanangu hataki kunena. Nimemleta anene mbele yako."

Alikuwa mwanafunzi wa ufundi wa vyuma. Chuo chake kilimpeleka katika karakana moja jijini Nairobi kwa miezi mitatu. Siku ya nne aliwekwa kwenye mashine ya kukata mabati. Kinga ya mashine ile ilikuwa imefunguliwa na kuegeshwa ukutani kwa sababu, aliambiwa, ilikuwa ikichelewesha kazi. Kabla ya saa sita mchana mashine ilikuwa imemkata vidole vitatu.

Tulimuuliza kama alijua kwamba mashine ya namna ile haifai kuendeshwa bila kinga. Alijibu kwa utulivu kwamba alijua. Alifunzwa chuoni, na swali hilo hilo lilikuwamo katika mtihani, naye alilijibu vyema. Tukamuuliza: "Mbona basi hukukataa?" Akatutazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Wakili, msimamizi yule ndiye angetia sahihi daftari langu. Ningekataa, ningerudi chuoni na nini?"

Kidonda kilipofungwa, alirudi karakanani akiwa na bandeji. Alifagia na kupelekea mafundi chai kwa wiki zilizosalia, ili daftari lisikose sahihi. Katika siku hizo aliletewa karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, ikisema kwamba amelipiwa matibabu yote na hana dai lolote. Aliitia sahihi kwa mkono wa kushoto. Daftari nalo likatiwa sahihi. Alipofika kwetu, miezi kumi na minne ilikuwa imepita tangu ajali.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inataka dai liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Tuliandika barua hata hivyo. Mwajiri alijibu kwamba kijana huyo hakuwa mwajiriwa wake, bali mgeni aliyekuja kujifunza. Chuo kilijibu kwamba bima ambayo mwanafunzi aliilipia pamoja na karo ilikuwa imekwisha muda wake, na kwamba hakikupokea ripoti yoyote ya ajali. Baada ya mvutano mrefu mwajiri alitoa kiasi kidogo cha fedha, akaandika kwamba anatoa "kwa huruma". Katika miaka yote tuliyofanya kazi ya uwakili, ni maneno machache yaliyotuchoma kama hayo. Kijana aliyepoteza vidole akitumikia biashara ya mtu alipewa sadaka pale alipostahili haki.

Tunauliza: kosa lilikuwa wapi? Wengi watasema sheria zetu ni hafifu. Sivyo. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha sheria tano za leba kwa mpigo mmoja, na miaka mitatu baadaye wananchi wakajipatia Katiba mpya. Hebu tutazame yaliyomo.

Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 inasema kwamba kila mtu ana haki ya kutendewa kwa haki katika mambo ya kazi. Haikusema kila mwenye mshahara. Ibara ya 55 inaiagiza serikali kuwakinga vijana dhidi ya kunyonywa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu kila mahali ambapo mtu yeyote anafanya kazi, awe wa kudumu au wa muda. Maneno hayo, "wa muda", yanamfikia mwanafunzi wa miezi mitatu sawa na fundi wa miaka thelathini. Sheria hiyo inamwamuru mwenye mahali pa kazi kutoa maelezo, mafunzo na usimamizi, na kuwapatia wafanyakazi mavazi na vifaa vya kujikinga. Inamtaka mfanyakazi aonapo hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi mara moja, na inamkataza mwajiri kumrudisha mtu mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Inamkataza pia kumwadhibu aliyelalamika kwa nia njema. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, inataka pawe na kamati ya usalama.

Wala wazo la kwamba mtu asiwekwe kwenye mashine ya hatari kabla ya kufunzwa si geni kwetu. Lilikuwamo hata katika sheria ya viwanda tuliyoirithi kutoka kwa serikali ya kikoloni, iliyoanza kutumika mwaka 1951. Kwa hiyo karakana ile ilivunja amri ambayo imedumu kupita umri wa msimamizi wake.

Pengo lipo, nasi hatutalificha. Sheria ya fidia inamtambua kuwa mfanyakazi yule aliyeajiriwa kwa mshahara, pamoja na mwanagenzi aliyefungwa kwa mkataba wa kujifunza kazi. Mwanafunzi mwenye barua ya chuo tu, asiye na mkataba wala malipo, huachwa mlangoni akibishaniwa na mwajiri, chuo na kampuni ya bima. Pengo hilo linafaa kuzibwa na Bunge. Lakini hata lingekuwa limezibwa, kijana wetu asingenufaika, kwa kuwa hakujua kwamba kuna miezi 12, hakujua kwamba mwajiri ana siku saba za kuiripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na hakujua kwamba kuna afisi ya kaunti ambako angeweza kuuliza bila kulipa hata shilingi.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu. Mafunzo ya usalama, kama yanavyotolewa kwingi nchini, ni orodha ya tahadhari. Vaa kofia ngumu. Vaa viatu vya usalama. Usikaribie waya. Usile penye dawa. Ni maneno mema, na yameokoa roho nyingi. Lakini bango linalosema "Vaa kofia ngumu" halisemi ni nani anayepaswa kuinunua. Halisemi afanye nini kijana ambaye kofia hakupewa. Halisemi amwendee nani msimamizi akimwambia, "Hapa hatuna muda wa mambo hayo." Anayefunzwa tahadhari peke yake, siku ya kuumia hujilaumu mwenyewe, na mwajiri humsaidia kujilaumu: hakuwa mwangalifu, hakusikia, vijana wa siku hizi hawasikii. Hivyo somo lililokusudiwa kumkinga hugeuka kuwa ushahidi dhidi yake.

Msichana aliye katika afisi ambako hakuna mashine wala sumu naye yumo katika hatari hiyo. Yule anayetia sahihi daftari anaweza kuitumia kalamu yake kudai asichostahili. Sheria ya Ajira ya 2007 imekataza unyanyasaji wa kimapenzi kazini, na inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa kuhusu jambo hilo na kuwajulisha wafanyakazi wake. Ni wanafunzi wangapi waliowahi kuonyeshwa sera hiyo siku yao ya kwanza? Tumewauliza wengi katika mihadhara yetu vyuoni. Aghalabu mkono mmoja au miwili ndiyo hupanda ukumbini.

Sisi mawakili nasi tukubali sehemu yetu ya lawama. Sheria ya fidia ya 2007 ilipotungwa, ilisema kwamba madai ya majeraha yapelekwe kwa Mkurugenzi badala ya mahakamani. Chama cha Mawakili kilikwenda kortini kuipinga. Mahakama Kuu ilibatilisha baadhi ya vifungu mwaka 2009, Mahakama ya Rufani ikavirejesha vingi mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikaufunga mjadala tarehe 3 Desemba 2019. Hatusemi kwamba hoja za mawakili hazikuwa na msingi. Tunasema kwamba katika muda wa zaidi ya miaka kumi tulioshindana juu ya mlango upi ufunguliwe, hatukujali sana kumweleza aliyejeruhiwa milango yenyewe iko wapi. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Asidhani mtu kwamba hili ni tatizo la wasiosoma sana. Mwaka 2024 madaktari waligoma kuanzia katikati ya Machi hadi tarehe 8 Mei, na mojawapo ya sababu kuu ilikuwa madaktari wanagenzi: makubaliano ya 2017 yaliwapa zaidi ya Sh206,000 kwa mwezi, na serikali ikataka kuwapa Sh70,000. Mwezi Aprili mwaka huo huo, Mahakama ya Ajira na Leba iliamua kwamba kuwaweka walimu waliohitimu na kusajiliwa katika shule za sekondari msingi kwa jina la uanagenzi kulikiuka haki yao. Na mnamo Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kampuni ya Meta inaweza kushtakiwa hapa Kenya katika kesi zilizoletwa na vijana waliokuwa wakiajiriwa Nairobi kutazama picha za mauaji na ukatili saa baada ya saa, ili ziondolewe mtandaoni. Jeraha la vijana hao halionekani kwa macho kama vidole vilivyokatika, lakini ni jeraha la kazini.

Tofauti kati ya hao na kijana wa karakana ni moja tu. Madaktari na walimu walikuwa na vyama vya kuwasemea, na wale wa Nairobi walipata mawakili mapema. Walijua, au walipata wa kuwajulisha. Kijana wa karakana alikuwa peke yake na daftari lake.

Tunazijua hoja za wapinzani wetu, na ni haki zijibiwe.

Wako wasemao kwamba mafunzo ni gharama. Tunawakumbusha kwamba waajiri hutozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya hazina ya mafunzo ya viwanda. Kwa hiyo fedha za kuwafunza watu kazi zimekwisha kutengwa kisheria, na hatuoni kwa nini saa chache za sheria zisiwe sehemu ya mafunzo hayo. Tena kinga ya mashine ile haikugharimu chochote. Ilikuwapo, imeegeshwa ukutani.

Wako wasemao kwamba kijana akijua haki zake atakuwa mchochezi. Neno hilo tunalijua asili yake. Makhan Singh, aliyeongoza chama cha wafanyakazi hapa Nairobi tangu mwaka 1935, aliitwa mchochezi, akazuiliwa kuanzia 1950 hadi 1961. Wafanyakazi wa Mombasa walipogoma Januari 1947 kudai ujira wa kutosha, nao waliitwa hivyo hivyo. Leo mambo waliyoyadai yamo ndani ya Katiba. Mwajiri anayefuata sheria hana sababu ya kuogopa mtu anayeijua.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo hutoka kwa wazazi na vijana wenyewe: kazi ni adimu, na ajuaye haki zake hachukuliwi. Hatuwezi kuipuuza hoja hii, maana tumeona walioachwa kwa sababu ya kuuliza swali moja. Lakini hoja hiyo inathibitisha tunayoyasema. Kijana mmoja ajuaye sheria kati ya mia wasiojua ni rahisi kumfukuza. Wote mia wakijua, na chuo kikiwa nyuma yao, msimamizi atarudisha kinga ya mashine mahali pake kwa sababu hatakuwa na mwingine wa kumweka pale bila kuulizwa. Ndiyo maana maarifa haya yasiachwe kuwa bahati ya mwenye mjomba wakili. Yawe somo la wote.

Basi tunadai nini?

Kwanza, mwanafunzi yeyote asipelekwe kazini kabla ya kupitia mafunzo ya usalama na ya sheria kwa pamoja, yatolewayo na chuo kwa lugha anayoielewa, Kiswahili kikiwamo. Ajue mambo machache bila kusitasita: nani hununua vifaa vya kujikinga; ajali huripotiwa kwa nani na kwa muda gani; dai hukoma lini; mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uandikwe; na karatasi yoyote asiyoielewa asiitie sahihi kabla ya kuisomesha kwa mtu anayemwamini.

Pili, vyuo viandike katika kanuni zao kwamba mwanafunzi anayekataa kazi ya hatari ya wazi na kutoa taarifa hatapoteza alama wala muhula. Daftari lake litiwe sahihi na mwalimu wa chuo iwapo msimamizi atakataa. Bila kanuni hii mafunzo yote yatakuwa maneno matupu, kwa maana kijana atajua haki yake na bado atanyamaza kwa kuogopa kufeli. Jambo hili halihitaji Bunge. Baraza la chuo linaweza kulipitisha katika kikao kimoja.

Tatu, chuo na mwajiri watie sahihi makubaliano kabla mwanafunzi hajavuka lango, yataje bima ni ya nani, inaanza lini na inakwisha lini. Asibaki mtu yeyote kazini siku hata moja bila bima.

Nne, Bunge lirekebishe tafsiri ya mfanyakazi katika sheria ya fidia, ili kila mwanafunzi aliyetumwa kazini na chuo ahesabiwe humo pasi na ubishi, na fidia yake ikadiriwe kwa ujira wa fundi anayeanza kazi ile.

Tano, vyama vya wafanyakazi vifungue milango yao kwa wanafunzi. Chama kinachomngoja kijana mpaka apate kazi ya kudumu kitangoja sana, kwa sababu kazi za namna hiyo zinazidi kupungua. Kimfikie akiwa bado kibarua au mwanagenzi.

Ndugu msomaji, tunakumbuka jinsi wananchi walivyofundishwa katika miaka ya 90, makanisani, misikitini na chini ya miti, kwamba kura ni yao na serikali ni yao. Elimu hiyo ya uraia ilizaa matunda, na Katiba ya 2010 ni tunda lake mojawapo. Lakini elimu hiyo iliishia langoni mwa kiwanda. Tulimfunza mwananchi namna ya kumhoji mbunge wake, anayemwona mara moja kwa miaka mitano, na hatukumfunza namna ya kumhoji mnyapara wake, anayemwona kila asubuhi.

Kijana yule alimaliza masomo yake. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, akafanya mtihani wa mwisho akafaulu. Mara ya mwisho tulipoonana alituomba tumwandikie katika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yale ambayo angepaswa kuyajua siku ya nne karakanani. Alitaka kumpa mdogo wake aliyekuwa akijiandaa kwenda kazini. Tulimwandikia. Ukurasa mmoja ulitosha, na hata nafasi ikabaki.

Kama ukurasa mmoja unatosha, hakuna chuo, mwajiri wala wizara yenye udhuru. Mnyonge mnyongeni, walisema wahenga, lakini haki yake mpeni. Sisi twaongeza: na kwanza kabisa, mwambieni kwamba ni yake.